Mdhamini wa Tatu

Kwenye steshenari yangu hapa Utemini nimechapa CV za kila aina, lakini ya Agripina ilinikera. Amesoma sheria, anaomba kazi kwa mawakili, halafu kwenye wadhamini, wale wa kupigiwa simu wamsemee, wa tatu kamwandika baba yake mzazi, Laurenti, mkulima wa Iguguno.

"Baba hawekwi, mdogo wangu," nilimwambia. "Watakucheka."

"Dada Nasma, ananijua kuliko mhadhiri yeyote. Mwache."

Nikamwacha, roho ikiniuma. Kumbe mzee naye aliichukulia kama kazi ya serikali. Alikuwa akienda kupalilia alizeti na simu kwenye mfuko wa shati, na mtandao ukikata anahama sehemu. Jioni anamfanyia mkewe mazoezi: "Habari za kazi, mheshimiwa. Huyo binti ni mkweli tangu utotoni." Agripina alinisimulia hayo huku akicheka.

Barua zikaenda, alizeti ikavunwa, simu haikuita. Mwezi uliopita mzee akaugua ghafla, wakamzika.

Jana Agripina alikuja nimfutie jina la baba kwenye CV. Simu ya marehemu anatembea nayo yeye sasa. Nilikuwa bado natafuta faili lake ikaita, akabonyeza spika.

"Tunamuulizia mwombaji wetu mmoja wa kazi. Mzee Laurenti yupo?"

Agripina akajibu, "Hayupo."

"Sawa. Atarudi saa ngapi?"