Anatoli Mkurugenzi na Bima Yake

Anatoli hakuomba ukurugenzi. Alikuwa mtunza ghala huko Bangwe, mjini Kigoma, Muha wa Kasulu aliyehamia mjini ujanani, mwenye nyumba ya vyumba vitatu Buzebazeba aliyoijenga kwa miaka kumi na minne, tofali kwa tofali. Akalala mtunza ghala, akaamka mkurugenzi. Enzi za wakimbizi watu walipanda vyeo kwa kasi ambayo hata jeshini haipo.

Ulikuwa mwaka 2001. Kambi zilijaa Warundi, na kila mwenye lori Kigoma alikuwa ameingiwa na huruma ya ghafla, huruma yenye ankara na mhuri. Hamdani, bosi wa Anatoli, alihurumia kuliko wote: kampuni yake, Neema ya Ziwa, ndiyo iliyopeleka unga kambini. Siku moja shirika la kigeni lililompa kazi likaleta sharti jipya. Kampuni iwe na wakurugenzi watatu, na wote wakatiwe bima. Hamdani alikuwa wa kwanza. Shemeji yake akawa wa pili, ingawa aliishi Tabora na unga aliujua kwa kuula tu. Wa tatu alikosekana, mpaka macho ya Hamdani yakaangukia ghalani.

"Anatoli, kuanzia leo wewe ni mkurugenzi."

"Na mshahara, bosi?"

"Mkurugenzi haulizi mshahara."

Skolastika, mkewe, alicheka mpaka akakaa chini. Hata hivyo shati alimpigia pasi.

Afisa wa bima, kijana aitwaye Feliksi, alitoka Dar es Salaam kwa ndege akawakuta ofisini Mwanga. Akaeleza kwa upole kwamba hiyo ni bima ya dhima ya wakurugenzi: mkurugenzi akishtakiwa yeye binafsi kwa uamuzi wa kampuni, bima inamlipia wakili, na fidia ikibidi. Anatoli alipendezwa sana. Miaka yote makosa ya mabosi aliyalipia yeye. Leo amepatikana mtu wa kulipia ya kwake!

Kisha Feliksi akafungua fomu. "Mzee Anatoli, kuna jambo lolote unalolijua ndani ya kampuni linaloweza kuleta malalamiko?"

Sasa, huku kwetu mtu mwenye adabu haanzi na balaa. Ukiulizwa habari za nyumbani unasema nzuri, halafu ndipo unaeleza kwamba nyumba imeungua. Anatoli alilelewa vizuri. "Mambo mazuri tu," akajibu, akavuta pumzi aingie kwenye ila. Na ila yenyewe ilikuwa nzito. Paa la ghala lilivuja, magunia arobaini ya unga yakalowa, na Hamdani akaamuru unga uanikwe juani, utiwe kwenye magunia mapya, upelekwe hivyo hivyo.

Feliksi alikuwa ameshaandika "Hakuna".

"Ila paa letu..."

"Chai hiyo imefika," Hamdani akasema kwa sauti kubwa. "Karibu chai, bwana Feliksi, ndege haikungoji."

Anatoli akasaini. Angeweza kung'ang'ania, lakini aliona aibu kumkatiza mgeni chai mdomoni. Na tuseme ukweli, cheo kilikuwa kimeanza kumkolea.

Wiki tatu baadaye watu kumi na mmoja waliugua kambini kwa kula unga wenye ukungu. Kumi walipona. Wa kumi na moja alikuwa Iradukunda, mtoto wa miaka minne, naye akazikwa. Mama yake, Consolate, akasaidiwa kuandika madai dhidi ya kampuni na wakurugenzi wake wote watatu, kila mmoja kwa jina lake.

Wakili aliyeletwa na bima aliwapanga vizuri. "Mseme hamkujua. Unga uliharibikia njiani, ni ajali, na huyu mama hana kesi. Lakini mzee, wewe ukisema ulijua, fomu mliyosaini inakuwa ya uongo, na fomu ni moja kwa wote. Bima inavunjika. Kila mtu atalipa kwa mali yake."

"Wafikirie watoto wako," Hamdani akamwambia kwa uchungu. Majina ya watoto hao alikuwa hayajui, lakini siku hiyo aliwapenda kupita kiasi.

Basi Anatoli alikariri siku mbili nzima: sikujua, sikuarifiwa, sikuhusika. Kiswahili chake kikanyooka kama cha redioni. Skolastika alimsikiliza akiwa jikoni, na safari hii hakucheka.

Siku ya usuluhishi Consolate aliketi mbele yao, mikono mapajani. Mawakili walisema waliyoyasema. Alipopewa nafasi, hakumtazama wakili wala Hamdani. Akamuuliza Anatoli kwa Kirundi, pole pole, swali moja tu: unga ule, uliijua hali yake?

Hilo wakili hakulipanga. Uongo wote Anatoli aliukariri kwa Kiswahili, na swali limekuja kwa Kirundi, ambacho masikioni mwa Muha ni maneno ya mama yake mwenyewe.

"Ego," akasema. Halafu, ili wote waelewe: "Ndiyo. Nilijua."

Wakili akafunga faili lake. Hamdani akamtukana mbele za watu, ukurugenzi ukaishia hapo hapo. Mwezi wa nane nyumba ya Buzebazeba iliuzwa, na malori mawili ya Hamdani pia, na Anatoli na Skolastika wakapanga chumba kimoja Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani.

Hayo aliyamudu. Alichoshindwa kukimudu ni jibu la Consolate siku ile ya usuluhishi. Hakumlaani, wala hakumshukuru. Alifunga vizuri kitenge chake, akasimama, akamwambia, "Ungesema hivyo, mzee, kabla hatujaupika."