Shamba la Mtoro

Juzi mume wangu alisimama uani kwetu huku ughaibuni, St Marys, futi kamba mkononi, akatangaza kwamba tuta la sukuma wiki kando ya geti liondoke. Anataka kumwaga zege, aegeshe gari la pili. Nikamwambia amwage tu, ila atanikuta nimelala hapo hapo. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, akadakia, "But Mum, we never eat it. Who's it for?"

Ni ya nani? Swali hilo, rafiki yangu, niliwahi kuliuliza mimi, jembe mkononi.

Kijijini kwetu, bara ya Malindi, kila nyumba ilikuwa na shamba lake, na kando ya njia palikuwa na shamba moja la mihogo lisilo na mwenyewe. Tuliliita shamba la mtoro. Wewe mtoro unamjua yule anayekwepa shule. Kwetu lilikuwa jina la heshima. Katika karne ya kumi na tisa wazee wetu waliyatoroka mashamba makubwa ya mabwana huko pwani, wakajenga kijiji msituni na kuapa: hapa hakuna bwana, hakuna kengele ya kuwaamsha watu kazini, na atakayefika akikimbia atakuta chakula kinamngoja. Watoro waliacha kuja kabla bibi yangu hajazaliwa. Hata hivyo, kila Jumamosi alitutoa kwenda kulipalilia. Nikinung'unika, alinijibu, "Anayekimbia hatangulizi salamu."

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Mihogo yetu ikaisha, tukawa tunashindia uji mwepesi kama maji. Mjomba akabeba jembe, akasema sasa basi, anakwenda kung'oa mihogo ya mtoro. Bibi akamzuia njiani. Nilimchukia siku ile, sikufichi. Njaa haina adabu.

"Ni ya anayekuja akikimbia," alisema. Kisha akatutazama sisi watoto, sauti ikamlainika. "Basi nendeni hadi mtoni. Mrudi mbio."

Tukarudi mbio, vumbi tele puani, na mjomba na ukubwa wake nyuma yetu akihema.

"Hodi!"

"Mmetoroka nini?"

"Njaa!"

"Karibuni. Hapa hakuna bwana."

Muhogo ule wa kuchemsha, kwa chumvi tu, sijaonja tena utamu wake.

Leo pale pamejaa nyumba za kupangisha, na bibi hayupo. Watoto wa kule ukiwaita watoro wanadhani umewatukana. Inaniuma sana. Lakini ghalani ninakofanya kazi kuna king'ora cha kuanza na king'ora cha kula, na stesheni kila wiki naona sura mpya za watu wetu waliofika jana, hawajui pa kuanzia.

Kwa hiyo zege halimwagwi. Gari la pili lilale barabarani. Binti yangu nimempa mpira wa maji amwagilie, naye ananung'unika vile vile nilivyonung'unika mimi. Nawe ukipita huku, piga hodi, uchume. Nitakuuliza umetoroka nini, na jibu lolote utakalonipa, geti liko wazi.