Shahidi wa Pili

Nimewadharau watu wengi maishani, na wengi wao walistahili, lakini yule mfanyabiashara wa ufuta aliyenijengesha nyumba hapa Masoko namweka mbele ya wote. Nyuma yake najiweka mimi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne na baraza. Nilichimba msingi, nikapandisha kuta, nikaezeka bati. Tulikubaliana fedha ya mwisho anilipe kazi ikiisha, na nilikuwa nimeshaipangia. Mke wangu alikuwa amevumilia makuti yanayovuja kwa miaka sita, nami nilimwahidi bati kabla ya masika. Kazi ikaisha. Mwenzangu akawa na safari, kisha msiba, kisha ufuta unaosubiri mnada.

Sikuwa na wasiwasi. Kwetu fundi asiyelipwa hakabidhi ufunguo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini kuanzia hapa hadi Mchinga kila mwashi anaifuata. Ufunguo niliutundika kwenye msumari juu ya kitanda, na mke wangu aliutazama kila mvua iliponyesha.

Siku moja akaja nyumbani, akanipa shikamoo, ingawa nimemzidi miaka miwili tu. Hapo hapo nilipaswa kushtuka. Akaeleza kwamba anamuuzia nyumba mstaafu mmoja kutoka Lindi, kwamba akilipwa yeye nami nitalipwa, na kwamba anataka niwe shahidi wake.

"Nani ataishuhudia nyumba hii kukushinda wewe, kaka? Wewe ndiye unayeijua."

Nikavimba kichwa. Nikavaa kanzu ya Ijumaa kwenda kuibiwa.

Kwa mwenyekiti wa kitongoji tulikuta pilau. Tukala sinia moja, mimi, muuzaji, mnunuzi na mwenyekiti, ambaye alichagua nyama utadhani mbuzi ni wake. Kisha karatasi ikazungushwa. Miwani nilikuwa nayo mfukoni, lakini kwetu kusoma karatasi mbele ya mtu mliyetoka kula naye sinia moja ni kumwita mwizi. Nikaona haya. Nikatia sahihi, shahidi wa pili, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikatoa ufunguo na kuuweka mezani. Mwenyekiti akaomba dua, tukaitikia amina.

Wiki ile ile muuzaji akahama, na simu yake ikawa haipatikani. Nikaenda kwa mstaafu. Hakunifokea. Alileta karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa nne: nyumba haidaiwi na mtu yeyote, akiwemo fundi. Chini yake ilikuwepo sahihi yangu.

"Fundi, mimi nilinunua nyumba," akasema. "Kama lilikuwepo deni, wewe ndiye uliyenihakikishia kwamba halipo."

Nilimchukia, na nilichukia zaidi kwamba alisema kweli. Mwenyekiti naye aliniambia nisubiri, Mungu hamtupi mja wake. Alikuwa ameshachukua chake siku ya mauzo, na mtu aliyeshiba huwa mwepesi wa kumtaja Mungu.

Masika ya mwaka uliofuata mstaafu akaniita nimjengee uzio. Alikuwa na mkataba tayari, na chai, na mkate wa kumimina umekatwa vipande vizuri. Nikavaa miwani kabla sijagusa kikombe. Nikaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, na mstari nisiouelewa nikaurudia, mpaka chai ikapoa.

"Fundi, huniamini?"

"Sikuamini," nikasema, nikafunua ukurasa wa pili.

Nilirudi nyumbani nimelowa. Mke wangu alikuwa anasogeza sufuria chini ya tundu jipya, karibu na ule msumari mtupu. Nikamsimulia jinsi nilivyomsomea mstaafu karatasi yake yote hadi nukta ya mwisho, nikasubiri anisifu. Akaisikiliza sufuria kwanza, kama maji yanadondokea ndani.

"Hiyo ya uzio umeisoma," akasema.