Mdomo wa Mwanamume Niliyemchagua

Mwaka ule nilikuwa na cherehani mbili pale Manyoni, kwenye kibanda cha mabati karibu na barabara ya stendi. Mwanamume huyu alikuja akitokea Mitundu, amebeba kitambaa cheupe kizito na nyavu, akataka nimshonee mavazi ya kurinia asali, yeye na wenzake sita wa kikundi chao. Sikuwahi kushona kitu cha namna ile. Alikaa kwenye benchi akanionyesha nyuki wanapopenyea: kwenye kifundo cha mkono, shingoni, mwisho wa zipu. Mavazi yalipokamilika aliendelea kuja, safari hizo bila kitambaa.

Siku moja alifika mchana, akakaa mwisho kabisa wa benchi, uso kaugeuzia barabarani. Kwenye pembe ya mdomo wake wa chini palikuwa na malengelenge madogo yaliyojikusanya pamoja, mengine yameshapasuka.

"Nyuki?" nikauliza.

"Ningeweza kukudanganya nikasema nyuki," alijibu. "Hivi ni virusi. Ninavyo tangu nikiwa darasa la tatu. Haviishi mwilini, vinalala tu. Nikichoka, nikipigwa sana na jua, nikipata homa, vinaamka. Vikiamka simbusu mtu wala sichangii kikombe na mtu mpaka pakauke kabisa. Na hata vikiwa vimelala siwezi kukuapia kwamba haviambukizi. Nimeona nikuambie kabla hatujafika mbali."

Tulikuwa hatujabusiana bado. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Kabla yake nilikuwa na mwanamume aliyenificha kwamba ana mke na watoto wawili Shelui, nikaja kuambiwa na dereva wa lori. Huyu alikuwa ananieleza habari za mdomo wake bila hata kubanwa. Nilimwambia, "Kesho njoo tule wali maharage. Wewe na sahani yako, mimi na yangu."

Sitajifanya shujaa. Alipoondoka nilinawa mikono mara mbili. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nilikwenda zahanati kumuuliza daktari. Alinisikiliza, akaniambia ni kweli, ndivyo vilivyo, na kwamba watu wengi sana wanavyo bila kujua. Wengi huvipata utotoni kwa kubusiwa na ndugu zao. "Labda hata wewe unavyo," alisema, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Nikarudi kupika maharage.

Nilikuwa naishi kwa shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke wa kanisa aliyenilea tangu nilipomaliza darasa la saba. Mara ya kwanza nilipompeleka mwanamume huyu nyumbani, mdomo wake ulikuwa mzima na shangazi alimpenda. Mara ya pili ulikuwa umetoka malengelenge. Shangazi aliitikia shikamoo yake kutoka mbali, akampa chai kwenye kikombe cha plastiki, na alipoondoka akakitupa kikombe kwenye shimo la takataka mbele ya macho yangu.

"Yule ana ngoma," alisema, akimaanisha UKIMWI.

"Ana malengelenge ya mdomo, shangazi. Mwenyewe kaniambia."

"Na wewe ukaamini. Kama ni malengelenge tu, akapime alete cheti nikione."

Maneno hayo hayakuishia uani kwetu. Ndani ya wiki mbili mteja wangu mmoja wa siku nyingi alichukua gauni lake likiwa halijamaliziwa pindo. Mwingine alinishauri kwa upole niende kwenye maombi.

Tulikwenda kupima. Tulikwenda kwa sababu watu wawili wanaotaka kuoana hupima, na tungepima hata kama angekuwa na mdomo laini kama wa mtoto. Majibu tuliyapokea tukiwa tumekaa bega kwa bega. Shangazi alinisubiri mlangoni.

"Kiko wapi?"

"Hutakiona, shangazi."

"Basi anayo."

"Sikuambii anayo, sikuambii hana. Nikikuonyesha cheti, nitakuwa nimekubali kwamba angekuwa nayo ungekuwa na haki ya kutupa kikombe chake. Sikubali."

Majibu yale ni yetu, na hata hapa siyaandiki.

Siku ya kuleta posa ilipangwa kijijini kwa baba yangu, upande wa Ikungi. Mchumba wangu na washenga wake wawili walikuja kwa pikipiki, kiangazi, jua na vumbi njia nzima. Aliposhuka nilijua kabla hajavua kofia ya pikipiki. Mdomo ulikuwa umevimba, umepasuka, una ukoko wa njano. Shangazi alinivuta jikoni.

"Mwambie avae barakoa. Au waahirishe. Utamwaibisha baba yako."

Mchumba wangu tayari alikuwa na barakoa mfukoni. Alipokuja kunisalimia nyuma ya nyumba aliitoa akaniuliza, "Nivae?"

"Unataka kuivaa?"

"Sitaki."

"Basi irudishe mfukoni."

Akaingia hivyo hivyo. Aliwapa wazee shikamoo kwa kuinama, bila kuwashika mikono. Baba amefuga mbuzi maisha yake yote. Alimtazama mdomo muda mrefu, mpaka mshenga mmoja akaanza kukohoa.

"Mdomo huo una nini, kijana?"

"Malengelenge, mzee. Ni virusi, ninavyo tangu utotoni. Haviponi moja kwa moja ila vinatulia."

"Mbuzi wangu nao huwa wanatoka hivyo."

"Ya mbuzi ni mengine, mzee. Lakini nayo yanauma."

Baba akacheka. Kisha akamgeukia shangazi, akamwambia kitu kwa Kinyaturu ambacho washenga hawakukielewa. Alisema: mwenye kuolewa ameshaona, sisi tunakagua nini? Shangazi akatazama mkeka. Posa ikapokelewa.

Tulioana baada ya mavuno. Mwaka wa pili wa ndoa niliamka na mwasho kwenye mdomo wa juu, na kufikia jioni malengelenge yalikuwa yamesimama. Mume wangu alipoyaona alikaa kitandani akashika kichwa. Mimi nilimfikiria daktari wa zahanati, na shangazi zangu wote walionibusu nikiwa mchanga. Huenda vilitoka kwa mume wangu, huenda nilikuwa navyo siku zote. Hakuna wa kuniambia, na sitafuti.

Jumapili hiyo kwaya yetu ilikuwa na zamu. Mimi ni sauti ya kwanza, nasimama mstari wa mbele. Kiongozi wa kwaya aliniambia kwa sauti ndogo, "Dada, leo kaa nyuma kidogo. Watu wataangalia."

"Waangalie," nikasema. "Naimba kwa sauti, siimbi kwa ngozi."

Nilisimama mahali pangu. Kila nilipopanua mdomo ukoko ulichanika, nikaonja damu kidogo, na kwenye ubeti wa tatu machozi yalinitoka kwa maumivu. Waumini wengine walidhani nimeguswa na wimbo. Shangazi alikuwa kiti cha pili, hakuinamisha macho. Baada ya ibada sikumpa mtu mkono, na kila aliyeuliza nilimjibu pale pale, kwa sauti ya kawaida, ni nini na dawa gani ya kupaka ninatumia. Wawili walirudi baadaye wakanitaka niwaandikie jina la dawa.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameshaandaa uji uliopoa, usiounguza mdomo. Aliniomba msamaha tena, mara ya tano au ya sita wiki ile. Nilimwambia hiyo iwe ya mwisho. Nilikuwa nimeambiwa mapema kwenye benchi la kibanda changu, mchana kweupe, nikasikia vizuri, na nikachagua.