Fundi Abdulkadir na Upepo wa Jua

Mwaka wa sabini na tisa, hapa Sultan Hamud, Abdulkadir alikuwa fundi wa redio aliyejua kila kitu isipokuwa redio. Alikuwa amesikia kwenye idhaa ya ng'ambo kwamba jua huvumisha upepo, na kwamba kuna vyombo vilivyorushwa angani kuufuatilia: kimoja karibu na jua, kingine karibu na dunia, ili upepo uleule upimwe jinsi ulivyobadilika njiani. Tangu hapo bisibisi yake ikaanza kushika kutu.

Ukimpelekea redio iliyonyamaza, haifungui. Anatoka nje, anakunja uso, anatazama juu. "Upepo ukitoka kule ni moto, tena umebanana. Njiani unapoa, unatawanyika. Lakini ule wa mbio unaukuta wa polepole, unausukuma. Hiyo ndiyo imekaba redio yako. Ngoja siku tatu, nne." Kweli jua huweza kuvuruga mawimbi ya redio, lakini halijawahi kukata waya ndani ya redio ya mtu.

Basi akaja Kalondu. Kaka yake Muli alikuwa amefia Mombasa, na siku ya kumzika kwao Kilungu ingesomwa redioni kwenye matangazo ya vifo, kama ilivyo kwa sisi sote.

"Fundi, nisaidie. Nangojea tangazo ya ndugu yangu. Nataka nimzike."

"Pole, mama. Upepo bado uko njiani."

"Na ile ya hoteli mbona inaimba?"

"Ile iko kwa kivuli."

Nilikuwepo, nikingoja pasi yangu, na nilitamani kumzaba kofi. Kalondu alimwamini, akamwachia redio. Kesho yake akaja, kesho kutwa akaja tena, akaambiwa upepo umekaribia.

Mara ya mwisho alikuja bila salamu. Watu wa Kilungu walikuwa wamempa pole sokoni: Muli alizikwa jana, na tangazo lilisomwa jioni mbili.

Abdulkadir akaifungua redio haraka. Waya wa betri ulikuwa umeachia. Akauchomelea, redio ikaanza kuongea papo hapo.

"Unaona, mama? Upepo umepita."

Kalondu alimtazama. "Upepo umeufuata wewe toka jua mpaka hapa. Na gari ya maiti ya ndugu yangu imetoka Mombasa, imepita hapa mbele ya duka yako. Hiyo hukuona?"

Akaenda zake, redio akamwachia ikiongea.