Chura wa Lambo Lililokauka

Nafundisha watoto wa awali karibu na Tinde, na sina uvumilivu na watu wanaoiita nchi yetu jangwa, kana kwamba haina kitu. Kiangazi kile lambo lilikauka hadi tope likapasuka. Nikawapeleka watoto wangu wakaone kwamba humo chini chura amelala, mzima kabisa, anasubiri mvua.

Udongo ulikataa jembe. Kijana mgeni, mchimbaji wa dhahabu aliyekuwa akikatiza kwenda kupanda basi, akasimama.

“Shikamoo, mwalimu. Mnatafuta nini?”

“Marahaba. Chura.”

Akacheka sana, akatoa sululu kwenye kiroba chake. Akachimba kidogo tu, donge likapasuka, na chura mnene akamrukia mtoto kifuani.

Watoto wakapiga yowe, la hofu na la furaha. Nami nikacheka. Nilisahau kwamba Usukumani yowe la namna ile ni mwano, wito wa hatari, na watu hawauulizi maswali. Wanaujibu kwa rungu.

Wakaja mbio, baba za watoto wale wale. Wakaona wanao wanapiga kelele na mgeni ameshika sululu.

“Mwizi wa watoto!”

Rungu la kwanza lilimvunja meno. La pili likamwangusha. Wakamponda mbavu, mgongo, na vidole alivyojikingia kichwa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, hakuna aliyesikia. Mmoja akainua jiwe. Nikajitupa juu ya yule kijana, na fimbo iliyomlenga yeye ikanivunja mkono.

“Mwalimu, toka!”

“Sitoki! Niueni mimi kwanza, wapumbavu nyie! Alikuwa anawachimbia chura!”

Wakasimama wakihema. Chura alikuwa palepale, damu imemrukia mgongoni. Mmoja wao akacheka. Nikamzaba kibao kwa mkono uliobaki.

Kijana alipona, lakini jicho moja liliharibika. Aliondoka bila kutuaga, na simlaumu.

Kabla mvua hazijaanza nilirudi lamboni na watoto wale wale, mkono wangu ukiwa bado na hogo la plasta. Baba mmoja alikuja kutuchimbia, bila kunitazama usoni. Donge likapasuka, chura akaruka, mnene kuliko yule wa kwanza.

“Haya, shangilieni!” nikasema.

Hakuna aliyeshangilia. Watoto walikuwa wamejiziba midomo kwa mikono, na mdogo wao, aliyeshindwa kujizuia, wenzake walikuwa wakimziba.