Selfkea na Kukandwa

Juzi asubuhi mjukuu wangu alinitumia sauti kwenye simu. "Bibi, leo usije. Leo nina selfkea." Basi, kakata.

Wewe mwenzangu ungefikiri nini? Mtoto ana siku tisa tangu ajifungue, mumewe kasafiri kikazi, mama yake yuko mbali, yuko peke yake na kichanga ghorofa ya nne, halafu anakwambia ana selfkea. Mimi nilijua ni ugonjwa. Nikajitanda kanga, nikaenda duka la dawa kule Msimbazi, nikamwambia muuzaji anipe dawa ya selfkea, ya maji, isiyo kali, maana mgonjwa ananyonyesha. Yule binti akainama chini ya kaunta kama anayetafuta kitu. Nikaona mabega yanatikisika. Alipoinuka akanieleza kwa adabu kwamba selfkea siyo ugonjwa, ni Kiingereza cha kujitunza mwenyewe. Unajifungia chumbani, unajipaka udongo usoni, unawasha mshumaa wenye harufu, na hutaki mtu.

Hutaki mtu! Siku ya tisa ya uzazi! Nilitoka pale nimevimba, hata nikadai chenji, nimesahau kwamba sikununua kitu.

Mimi nimezaliwa Kariakoo hii hii, pale ambapo sasa wanauza makava ya simu. Palikuwa na nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani kwa nyuma. Kila chumba familia yake, na uani ni petu sote. Asubuhi unasikia kinu, unasikia muuza kahawa anagonganisha vikombe, unasikia mama wa chumba cha mbele, mpika vitumbua, anamtukana mkaa wake uliolowa. Harufu ya vitumbua, moshi na sabuni ya kufulia, vyote kwa pamoja. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kupepea jiko.

Akijifungua mwanamke katika nyumba ile, hakuna aliyemuuliza kama anataka mtu. Bibi yangu aliinjika sufuria kubwa, akatia majani ya mwarobaini, mimi nikapepea mpaka macho yakawa mekundu. Maji yakichemka wanawake wanamwingia. Mmoja anamkanda mgongo, mwingine tumbo, mwingine kachukua mtoto, mwingine anachochea uji wa pilipili manga. Mzazi akilia wanamwambia lia, ndiyo dawa yenyewe. Siku arobaini, mwenzangu. Hata sufuria yake haoshi.

Nakumbuka mke wa mwenye duka la jumla, Mkristo wa Kilimanjaro, aliyepanga chumba cha nyuma. Alipojifungua, mama yake alikuwa mbali Moshi. Naye alijifungia kwanza. Alisema sisi ni watu wa dini nyingine, asingependa kutusumbua. Bibi yangu akasukuma mlango kwa nyonga, maana mikono ilikuwa imeshika ndoo. Akamwambia maji ya moto hayana dini. Kisha akasikia kwamba wazazi wa kwao hula mtori. Hakuna uani pale aliyejua mtori unapikwaje. Wakaponda ndizi na nyama, wakaonja, wakaona hauna raha, wakatia tui la nazi. Zito, la kwanza. Yule mama akaonja, akaonja tena, akasema, "Huu mtori umeolewa pwani." Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Tangu siku hiyo mlango wake haukufungwa tena.

Basi, neno letu lilikuwa hilo, kukandwa. Mimi shule niliishia darasa la nne, sarufi usiniulize. Lakini najua huwezi kukandwa bila mkandaji. Hicho Kiingereza chao kimemfukuza mkandaji, kikamwacha mtu na mgongo wake. Sasa mgongo wako utaufikiaje? Utajikanda mwenyewe kama unayejikuna ukutani?

Hayo yote nilikuwa nayaropoka kwenye ngazi nikipanda kwa mjukuu, maana lifti yao ilikuwa mbovu. Nikafika, nikagonga.

"Shikamoo bibi," akasema akiwa ndani. "Nilikwambia usije."

"Marahaba. Fungua."

"Najiweza, bibi."

"Sikuuliza. Fungua."

Akafungua. Uso wote udongo wa kijani, umepasuka kwenye mashavu, kumbe machozi yamepita. Mtoto analia, mshumaa unawaka, na jikoni hakuna hata chai. Nilikuwa nimekuja na matusi yangu yamepangwa vizuri. Yakaniishia.

"Siyo kwamba sikutaki," akasema. "Unapanda ngazi zote hizi, na magoti yako. Nimeona nikisema hivyo hutajisikia vibaya."

Kumbe neno lenyewe lilikuwa namna ya kuniambia pumzika, bibi. Nikakasirika upya, safari hii sijui kwa nani.

Nikamtoa ule udongo. Mkaa hauruhusiwi humo, nikachemsha maji kwenye gesi, sufuria ndogo ndogo, moja ikichemka nyingine imepoa. Nikamkanda. Mgongo ulikuwa mgumu kama ubao. Akalia, nikamwambia lia. Mtoto nikamlaza kitandani alie naye, maana hakukuwa na wa kumbeba. Nikamfunga tumbo kwa kanga, akauliza, sauti imelegea, mimi nilipojifungua mama yake nani alinikanda.

Nikamtajia. Bibi yangu. Mama yangu. Mpika vitumbua. Mke wa mwenye duka, aliyekuja na mtori wake wa kweli usio na nazi. Wengine wawili majina yao sikuyajua hata wakati ule, mikono yao tu ndiyo ninayoikumbuka. Wote wamekwisha kufa, na uani umejengewa stoo. Nilipokuwa nikihesabu alisinzia. Vizuri, kwa sababu sikutaka ahesabu wakandaji wake: mikono yangu miwili tu, na wa kulia siku hizi hauinuki kupita bega.